Mama Longinus na Vumbi la Uyoga

Siku Pasikali alipomwona Ernesta kwa mara ya kwanza, mama huyo alikuwa amesimama katikati ya matofali mabichi ya Pasikali, kanga imefungwa kiunoni, akiwafukuza kuku wa jirani kwa kijiti cha muhogo na kuwagombeza kama watu wazima wenye akili zao.

"Mnakanyaga jasho la mtu! Hamna haya?"

Kisha akamgeukia Pasikali, aliyekuwa ameduwaa, udongo umempanda mpaka viwikoni, akamsalimu kwa Kiha.

"Mwakeye, fundi. Wewe ndiye unayefyatua matofali haya, au ni hawa kuku?"

Pasikali alitaka kucheka, lakini hakuthubutu. Alikuwa mtu wa haya tangu utotoni. Alimaliza darasa la saba bila mwalimu kuizoea sauti yake, na hata sasa, mvi zikiwa zimeanza kumtoka kidevuni, mteja akimuuliza neno alijibu huku akitazama vidole vya miguu yake mwenyewe.

"Ni mimi, mama," aliviambia vidole.

"Vizuri. Nataka unijengee banda refu, mlango mmoja. Madirisha sitaki."

"Hata moja?"

"Hata tundu la panya sitaki."

Pasikali alikuwa amejenga nyumba nyingi kwenye njia ile ya kutoka Kasulu kwenda Kabanga. Alijenga maghala, alijenga vyoo, na hata choo huachiwa upenyo wa kupumua. Akakusanya ujasiri wote aliokuwa nao siku hiyo.

"Atalala nani humo, mama?"

"Halali mtu. Utalala uyoga." Mama akamwangalia, akaona mashaka usoni pake, akacheka mpaka akashika mbavu. "Ulidhani nafuga misukule? Mimi ni Mama Longinus, fundi. Mkatoliki kabisa. Nafuga uyoga."

Hivyo ndivyo walivyojuana.

Ernesta alizaliwa Munanila, kule karibu na mpaka wa Burundi. Alipofiwa na mume, mwanawe Longinus akiwa ameshapata kazi ya udereva Kibondo, alihamia kwenye kiwanja kidogo alichoachiwa karibu na Kasulu. Shamba lilikuwa dogo, halikuweza kulisha hata mbuzi mwenye adabu. Ndipo akahudhuria semina ya akina mama juu ya kilimo cha uyoga. Wenzake wengi walikwenda kwa sababu ya chai na maandazi. Yeye alirudi na chupa ya mbegu ameikumbatia kifuani kama mtoto mchanga.

Mwalimu wa semina alikuwa amesema banda lipewe matundu ya hewa. Ernesta alilisikia hilo vizuri. Lakini aliujua upepo wa milimani wa mwezi wa saba, ule unaopasua midomo na kukausha shuka kwenye kamba kabla hujamaliza kuanika ya pili. Alijua uyoga ni kitu cha unyevu na giza. Akaamua mwalimu ni mtu wa mjini na baridi ya kwetu haijui. Basi banda likajengwa bila dirisha, na Pasikali akaliziba kwa udongo mpaka mwanga wa jua ukakosa pa kupitia.

Alipomaliza kujenga hakuondoka. Kwanza aliombwa asaidie kuchemsha mabua ya mahindi kwenye pipa. Kisha kujaza mabua hayo kwenye mifuko na kuchanganya mbegu. Kisha kuning'iniza mifuko. Hakuna aliyemwajiri kwa maneno. Ilifika mahali, asubuhi ikipita bila yeye kuonekana, Ernesta alisimama barabarani na kuuliza wapita njia: "Mmemwona fundi wangu?"

Uyoga wa kwanza ulipotoka kwenye mifuko, mweupe, umebanana kama masikio ya watoto wanaosikiliza hadithi, Ernesta aliuvuna ukiwa bado mdogo na umejikunja, kama alivyofundishwa. Akaupeleka sokoni Kasulu kwenye beseni. Akarudi nao wote.

Mwenye macho angelitambua kosa mapema. Watu wa huku wamekulia kwenye uyoga wa porini, ule unaochipuka mvua za kwanza zikipiga. Mtoto akiokota uyoga, jambo la kwanza analofundishwa ni kuugeuza chali na kutazama chini ya mwavuli wake, kwenye yale mapezi membamba. Hapo ndipo mama mtu mzima husema huu unaliwa, ule utupwe. Uyoga uliojikunja hauonyeshi tumbo lake, na mtu hawezi kununua kitu kinachomficha tumbo. Wanunuzi waliuchukua uyoga wa Ernesta, wakaugeuza, wakachungulia, wakaurudisha.

"Huu bado mtoto," alisema mmoja.

"Huu unaficha jambo," alisema mwingine.

"Mimi ndiye niliyeulea!" Ernesta alilalamika. "Naujua kuliko ninavyomjua mwanangu!"

Haikusaidia. Basi wiki iliyofuata akauacha bandani ufunguke. Ukafunguka mpaka ukawa kama sahani, kingo zimepinda kwenda juu, mapezi yote nje. Sokoni waliugombania. Kuanzia hapo hakuvuna tena uyoga uliofumba. Aliusubiri ufunguke wote, na kadiri ulivyofunguka ndivyo ulivyomwaga vumbi jeupe, laini kuliko unga wa muhogo. Vumbi lilitanda juu ya mifuko, kwenye kuta, kwenye kope za Ernesta. Kila asubuhi aliingia na ufagio, akafunga mlango nyuma yake ili baridi isiingie, akafagia huku akiimba nyimbo za kanisani. Alitoka mweupe kama mtu wa mashine ya kusaga.

Jina lake likasambaa. Uyoga wa Mama Longinus ulifika Kibondo kwa mabasi. Akina mama majirani wakaunda kikundi chini yake, wa kwanza wao akiwa Niyubahwe, mwanamke mwenye mwili mdogo na mdomo mkubwa, ambaye alimtania Pasikali kila alipomwona.

"Fundi, leo umesema maneno mangapi? Au yamekwisha, tukukopeshe?"

Pasikali alitabasamu tu na kuinamia mifuko yake. Moyoni alijiona tajiri. Hakuwahi kuwa sehemu ya kitu kinachotajwa na watu asiowajua.

Kisha kikohozi kikaja.

Kilianza kama mafua ya kawaida. Ernesta alifagia asubuhi, na jioni kifua kikambana, mwili ukatetemeka kwa homa, mpaka akajifunika mablanketi yote ya nyumba. Kesho yake nafuu kidogo, akaingia tena, na jioni hivyo hivyo. Akapima malaria, hakuna. Akapima kifua kikuu, makohozi yakaonekana safi. Akapungua mwili. Mlima mdogo wa kutoka kisimani, aliokuwa akiupanda na ndoo kichwani huku akisengenya, sasa aliupanda kwa vituo, bila kusengenya mtu. Hapo ndipo Pasikali alipoogopa kweli.

Jambo moja lilimshangaza. Ernesta alipokwenda Munanila kumzika shangazi yake na kukaa huko mpaka matanga yakaisha, alirudi amenawiri, anapumua kama msichana. Siku mbili bandani, kikohozi kikarudi kama mbuzi anayelijua zizi lake. Niyubahwe alishusha sauti na kusema kuna mtu kamtegea kitu kizingitini. Ernesta akamwambia, "Kizingiti kilijengwa na Pasikali. Unamwona Pasikali huyu ana nguvu za kuloga hata inzi?"

Katika siku hizo ndipo Abdalah alipokuja. Alikuwa na duka mjini Kasulu, mtu mchangamfu, ndugu zake Tanga, na simu yake haikumtoka mkononi. Akaketi kwenye kigoda nje ya banda, akafungua simu.

"Shikamoo, mama. Nimekuletea bahati. Umewahi kusikia kwamba uyoga una kitu kwenye ganda lake kinachoitwa betaglukani?"

"Marahaba. Sijasikia. Kinauma?"

"Kinatibu! Kinapandisha kinga ya mwili. Wachina wanakijua, Wajapani wanakijua. Wewe kausha uyoga, saga, mimi natia kwenye vikopo. Dawa ya sukari, dawa ya presha, dawa ya kifua. Mjini watu wanalilia vitu vya namna hii."

Ernesta alitaka kujibu, kikohozi kikamshika. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, Pasikali akakimbia kuleta maji. Alipopata pumzi alimtazama Abdalah kwa macho mekundu, akaanza kucheka.

"Abdalah mwanangu. Unataka niuze dawa ya kifua?"

"Mama, wateja watakuwa Dar. Hawatakusikia ukikohoa."

"Mimi je, sitajisikia?"

Abdalah akajikuna kichwa. Aliaga akisema atarudi mama akipata nafuu, wakubaliane vizuri.

Aliyemshawishi Ernesta aende tena hospitali alikuwa Pasikali. Hakutumia maneno mengi. Alikuja tu asubuhi moja na bodaboda, akasimama nayo mlangoni mpaka mama akapanda. Huko hospitali ya Kabanga walimkuta Daktari Lusajo, kijana wa Mbeya aliyekuwa hajakaa muda mrefu mkoani. Alisoma vipimo vya zamani, akampiga picha ya kifua, kisha akaweka karatasi zote pembeni.

"Mama, ugonjwa wako una siku za mapumziko?"

"Unapumzika nikienda msibani," Ernesta akajibu.

Daktari akasogeza kiti. Akauliza habari za banda, za ufagio, za mlango unaofungwa. Alipofika kwenye vumbi, akamwomba arudie. Akaongea pole pole, naye Pasikali, aliyekuwa amesimama pembeni akishika kofia yake, alilisikia kila neno.

Alisema uyoga umejengwa kwa chembe ndogo zisizoonekana kwa macho, na kila chembe imezungukwa na ukuta wake, kama nyumba. Ukuta huo una kitini, kitu kigumu kile kile kilichomo kwenye ganda la kumbikumbi. Tena una hiyo betaglukani, aina ya sukari isiyo tamu, iliyosokotwa kama kamba. Vumbi nalo ni mbegu za uyoga, na kila punje imevaa ganda la namna hiyo.

"Ukila uyoga uliopikwa ukaiva, ukuta ule unalainika. Sehemu isiyosagika inapita tumboni kama nyuzi za mboga, inasaidia choo, na inaweza kupunguza mafuta kwenye damu. Ukiula mbichi, tumbo linahangaika. Lakini vumbi likiingia mapafuni kila siku, askari wa mwili wanalitambua lile ganda, wanapiga kengele, wanaanza vita. Mapafu ya wengine huvumilia. Ya kwako yamekataa."

"Kwa hiyo uyoga wangu ni sumu?"

"Hapana, mama."

"Ni dawa?"

"Hapana. Wataalamu bado wanaichunguza ile sukari, na wengine wana matumaini nayo, ila kikopo cha unga hakiponyi sukari wala presha. Uyoga wako ni chakula. Chakula kizuri."

Ernesta aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu aliyesifiwa mtoto wake. Kisha daktari akasema lililobaki. Atampa vidonge vya kutuliza, lakini asiingie tena kwenye banda lile. Akiendelea, mapafu yatapata makovu, na kovu la pafu haliondoki.

Njiani kurudi mama aliomba washuke kwenye bodaboda, watembee. Walikwenda, wakapumzika, wakaenda tena. Pasikali alijua mama anawaza nini. Banda lile ndilo lililompa jina. Akitoka yeye, nani ataingia? Na soko likisikia kwamba Mama Longinus ameugua kwa uyoga wake mwenyewe, nani atanunua?

"Tunaweza kunyamaza," Ernesta alisema hatimaye. "Niyubahwe aingie badala yangu. Ana mapafu ya tarumbeta yule."

Pasikali alitazama barabarani.

"Unanitazama vibaya, fundi."

"Sijakutazama, mama."

"Ndiyo maana nasema unanitazama vibaya." Akaketi kwenye jiwe, akavuta pumzi. "Haya. Nimpe mwenzangu kikohozi changu aende nacho kwa watoto wake? Hapana. Jumamosi tutasema sokoni. Tutavuna uyoga ukiwa umefumba, kabla haujamwaga vumbi. Wakiukataa, tutaula wenyewe mpaka tuote mapezi."

Jumamosi hiyo kikundi chote kilikwenda Kasulu na mabeseni ya uyoga mdogo, uliojikunja. Ernesta alisimama mbele ya meza yao. Alikuwa msemaji mzuri, na wanunuzi walimpenda, wakajikusanya haraka.

"Ndugu zangu, mmesikia naumwa. Ni kweli. Kinachoniumiza ni vumbi la uyoga, nalo linatoka ukifunguka..."

Hakufika mbali. Kifua kilimbana, akashika meza, na sauti ikaisha kabisa. Watu wakaanza kurudi nyuma. "Uyoga umemdhuru!" mmoja akanong'ona, na mnong'ono ule ukaenda kama moto wa kiangazi. Niyubahwe, kwa mara ya kwanza tangu ajulikane, hakuwa na neno. Ernesta akanyoosha mkono, akamshika Pasikali shati, akamvuta mbele.

Pasikali alitazama vidole vya miguu yake. Kisha akaona mkono wa mama ulioshika shati, akainua uso.

"Ni... ni kwa sababu yetu," alisema.

"Paza sauti, fundi!" mtu akapiga kelele. "Tofali halisikii!"

Watu wakacheka. Kicheko kile, badala ya kumzima, kilimpa nafasi ya kuvuta pumzi.

"Ni kwa sababu yetu sote," alirudia, na sasa sauti ilitoka. "Tunataka tuone tumbo la uyoga ndipo tununue. Kwa uyoga wa porini ni sawa, huko kuna sumu. Huu umepandwa, mbegu yake inajulikana. Mama huyu ameuacha ufunguke ili sisi turidhike, vumbi lote akalivuta yeye, ndani ya banda nililoliziba kwa mikono yangu. Uyoga wenyewe hauna kosa. Ukiula umeiva ni chakula. Si sumu, wala si dawa, asiwadanganye mtu. Mnataka kuona tumbo lake? Hili hapa."

Akachukua kisu cha Niyubahwe, akaushika uyoga uliofumba, akaupasua katikati kwa mkato mmoja, kama anavyopasua tofali kwa mwiko, akaufungua kwenye kiganja. Mapezi yalikuwamo ndani yote, meupe, safi, yamepangwa. Bibi mmoja mzee akasogea, akainama, akachungulia kwa muda mrefu huku soko zima likimsubiri.

"Ni yenyewe," bibi akasema. "Nipimie."

Niyubahwe akapata tena mdomo wake. Aliwasha jiko la mkaa, akakaanga uyoga kwa kitunguu na karanga za kusaga, akauacha uive vizuri, na sahani ya kwanza akampa Ernesta. Mama alikula mbele ya watu wote, taratibu, mpaka akaramba vidole. Abdalah naye alikuja kusimama ukingoni mwa kundi. Alinung'unika kwamba wamemwaga utajiri chini, kisha akaomba sahani na akarudia ya pili.

Kuanzia hapo, kwenye meza za uyoga Kasulu, utaona kisu na uyoga mmoja uliopasuliwa umewekwa juu ya beseni. Vijana wanadhani ndivyo ilivyokuwa siku zote.

Pasikali alitoboa banda. Alichomoa matofali aliyoyaweka mwenyewe, akatia wavu wa kuzuia inzi, na mapazia ya magunia ya kulowesha maji siku za upepo mkali. Wanaoingia walijifunga barakoa, na mifuko ilifutwa kwa kitambaa kibichi badala ya ufagio. Ernesta hakuvuka kizingiti tena. Alikaa nje kwenye kigoda chake, mwili umerudi, pumzi imerudi, akitoa amri kupitia ukutani.

"Fundi! Mfuko wa pembeni umekauka, nausikia!"

"Unausikiaje, mama?"

"Unalalamika! Upe maji!"

Vikundi vya Kibondo vilisikia, vikamwita. Akahamia kwa Longinus ili awe karibu navyo. Wanaomkumbuka huko wanasema alifungua mabanda mengi bila kuingia hata moja. Alisimama mlangoni, akahesabu madirisha kwanza, ndipo akasalimia watu. Alifariki akiwa huko, kwa presha iliyompanda ghafla, kifua chake kikiwa kizima. Alipozikwa Munanila, akina mama walitoka Kasulu, Kibondo mpaka Nyabibuye, na padri alilazimika kuwaomba wapunguze kusifia ili misa iendelee.

Pasikali alikuwa ameagana naye stendi ya Kasulu, siku mama alipohama. Basi lilikuwa limeshawasha injini. Wiki hiyo hiyo kulikuwa na semina Nyabibuye, mabwana shamba na wahudumu wa afya watahudhuria, na mwalimu aliyetajwa alikuwa Ernesta. Akiwa na mguu mmoja kwenye ngazi ya basi, ndipo alipomwambia Pasikali kwamba ameshawapigia simu waandaaji, na kwamba badala yake atakwenda fundi.

"Mama, mimi?" Pasikali alishtuka. "Kusema mbele ya wasomi? Nitakufa!"

Ernesta akapanda, akaketi, akafungua dirisha, akatoa kichwa nje.

"Ulisema mbele ya soko zima la Kasulu, Pasikali, na ulirudi nyumbani ukala ugali. Nenda kaseme. Na vaa lile shati jingine, hili lina udongo."